Katika Kuchagua Pikapu ya Dizeli Iliyokwisha Tumika

Hapana bidhaa ya mkono wa pili inayonunuliwa kwa matumaini makubwa na kwa ujuzi mdogo kuliko pikapu ya dizeli. Mwenye kuinunua, katika nchi zetu, aghalabu si tajiri atafutaye fahari ya barabarani. Ni mkulima wa viazi wa Njombe aliyechoka kupangiwa bei na wenye malori, ni mchuuzi wa samaki wa Kilwa ambaye barafu yake huyeyuka kabla hajafika Dar es Salaam, ni mwashi wa Malindi aliyepata kandarasi yake ya kwanza na hana cha kubebea saruji. Na fedha anayoitoa ni akiba ya miaka, au mkopo wa chama, au thamani ya kiwanja alichokiuza. Gari likimfaa, nyumba yake yote hupata nafuu. Likimhadaa, hupoteza gari, na mazao, na imani ya wale waliomdhamini. Kwa ajili hiyo naona ni wajibu jambo hili lielezwe kwa urefu na kwa utulivu ambao dalali, mwenye wateja wengine wanaomngoja, hawezi kuutoa.

Rai nitakayoishikilia ni kwamba uaminifu wa gari lililotumika hautengani na uaminifu wa watu waliolitumia. Jina la kiwanda ni mwanzo wa habari tu. Kilomita zinazosomeka mbele ya dereva ni dai linalohitaji shahidi. Na rangi ing'aayo ni kazi ya wiki moja katika gereji yoyote. Lakini namna gari lilivyopakiwa, lilivyonyweshwa, lilivyopozwa na lilivyofunguliwa na mafundi huacha athari katika chuma, na athari hizo, kwa mtu mwenye subira na macho yaliyofundishwa, husomeka bayana hata pale muuzaji anapokaa kimya.

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi za kurusha cheche. Hewa huvutwa ndani ya silinda na kushindiliwa mpaka ikabaki takriban sehemu moja kwa ishirini na mbili ya nafasi yake ya kwanza, kama ilivyo katika injini nyingi za zamani za Toyota, na kwa kushindiliwa huko hupata joto kali kiasi kwamba mafuta yanaponyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Ili kuhimili shinikizo la namna hiyo, krankishafti, pistoni na kuta za silinda hutengenezwa kwa unene na uzito ambao injini ya petroli haina haja nao, na hiyo ndiyo asili ya umri wake mrefu. Mambo mawili huufupisha umri huo: joto lililovuka kiasi, na uchafu, uwe wa mafuta, wa hewa au wa oili. Ila nyingi tutakazozitaja katika kurasa hizi asili yake ni moja katika haya mawili.

Tukija katika kuchagua injini yenyewe, zipo za zamani zisizokuwa na kompyuta wala waya nyingi, ambazo mafundi wetu wamezizoea kwa miongo mitatu na zaidi. Ya kwanza kutajwa kwa haki ni 3L ya Toyota, yenye ujazo wa sentimita 2,779, iliyofungwa katika Hilux nyingi za miaka ya 1990, pamoja na 5L iliyoifuata, yenye ujazo wa 2,986. Hazina mbio injini hizi, na mwenye kuupandisha mlima wa Kitonga akiwa na tani moja mgongoni hana budi kuridhia kupitwa na mabasi. Lakini pampu yao ya dizeli ni chuma na springi, umeme zinaouhitaji zikiisha kuwaka ni ule wa kuifungulia njia dizeli, na fundi wa Tunduma, wa Kigoma au wa Lodwar aweza kuzifungua na kuzifunga kwa vifaa vilivyomo sandukuni mwake. Juu yao kwa nguvu, na kwa bei pia, ni 1HZ ya silinda sita, yenye ujazo wa 4,164, ambayo Toyota imeifunga katika Land Cruiser tangu mwaka 1990, na ambayo katika pikapu za HZJ75 na HZJ79 imetumikia hifadhi za wanyama, migodi, misheni na vituo vya polisi mahali ambapo gari likizima hakuna wa kulivuta. Nissan nayo ilitoa TD27, yenye ujazo wa 2,663, na fadhila yake, ambayo wanunuzi wengi hawaijui, ni kwamba vali zake huendeshwa kwa nguvu ya gia, hivyo hapana mkanda wa taimingi wa kukatika njiani. Huko Kenya, ambako Isuzu zimeunganishwa Nairobi tangu miaka ya 1970 na kampuni ya General Motors East Africa, iliyogeuka kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017, mwenye kununua Isuzu hupata spea na mafundi takriban katika kila mji wa soko, na hiyo ni hoja nzito kuliko sifa zote zinazoandikwa katika matangazo.

Zipo pia injini ambazo mshitiri azikaribie kwa hadhari. 2L-T, ambayo ni 2L iliyoongezewa taboo, imejulikana kwa kupasuka silinda hedi inapochemshwa, na ile ya Mitsubishi iitwayo 4D56, inayopatikana katika L200 nyingi, ina mikanda miwili ndani ya kifuniko kimoja: mkubwa wa taimingi, na mdogo wa kuendesha shafti za kutuliza mtikisiko, mdogo ukikatika huweza kunaswa na mkubwa, na kwa ajali ya kipande cha mpira cha bei ndogo vali hugongana na pistoni. Sisemi kwamba magari hayo hayanunuliki. Nasema ayanunuaye aulize kwanza habari za hedi na za mikanda, na asipopata jibu lenye ushahidi aihesabu gharama yake ndani ya bei.

Mwongo wa kwanza wa karne hii ulileta dizeli za namna nyingine. Hilux iliyotoka Thailand kuanzia mwaka 2004, ambayo watu wengi huiita Vigo, ilikuja na 2KD ya ujazo wa 2,494 na 1KD ya ujazo wa 2,982, ambazo dizeli yake huwekwa katika bomba moja la shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,300, na nozeli zake hufunguliwa kwa amri ya umeme. Faida ya mpango huo ni dhahiri kwa kila aliyeuendesha: nguvu zaidi, ulaji mdogo wa mafuta, moshi haba. Lakini nozeli zinazohimili shinikizo hilo zimechongwa kwa usahihi usiovumilia hata chembe ya vumbi wala tone la maji, na bei ya seti moja iliyo ya asili humfanya mtu wa kipato cha kawaida akose usingizi. Katika 1KD kuna jambo la ziada ambalo kila mnunuzi apaswa kulijua. Chini ya kila nozeli hukaa washa ndogo ya shaba. Washa hizo zikishindwa, moshi wa mwako hupenya juu na kuingia katika oili, masizi huganda kama lami, huziba chujio lililo mdomoni mwa pampu ya oili chini kabisa ya injini, na injini iliyokuwa ikienda vizuri asubuhi hufa jioni kwa kukosa oili katika beringi zake. Muuzaji akisema washa zilibadilishwa, na aonyeshe risiti. Akisema hazijapata kuguswa na gari limekwisha kwenda zaidi ya kilomita laki moja, fundi aifungue karta na kulitazama hilo chujio kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hapa hatuwezi kupita bila kusema juu ya mafuta, kwa maana historia ya injini ni historia ya ilichokinywa. Ilikuwapo miaka ambayo dizeli ya vituo vingi ilichanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo mno na tamaa ya wauzaji ilikuwa kubwa. Ndipo Tanzania ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa ili ghashi hiyo ikose faida. Dhara ya uchakachuaji inatokana na jambo moja: pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha, hata chuma kikasuguana na chuma. Pampu ya 3L iliyoteswa hivyo huchoka polepole na huendelea kusukuma kwa udhaifu; pampu ya shinikizo kubwa ikisagika hutawanya vumbi la chuma katika bomba na nozeli zote, na hapo hakuna kutengeneza kipande kimoja. Kwa hiyo shauri langu, ambalo nimelishika hata mbele ya vijana wanaopenda mbio, ni hili: akaaye Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, karibu na karakana yenye mashine ya kupimia nozeli za umeme, aweza kuchukua 2KD iliyotunzwa vizuri akapata raha nayo; akaaye Mpanda, Tandahimba au Marsabit, ambaye mafuta yake hununuliwa mara nyingine katika madumu, achukue 3L, 5L, 1HZ au TD27, na asione haya kwa uzee wake.

Asili ya gari nayo ina maneno yake. Wengi hudhani kila Toyota iliyotumika imetoka Japani, na muuzaji mjanja huutumia udhani huo. Hakika ni kwamba Toyota iliacha kuiuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni humo mpaka mwaka 2017. Kwa hiyo Hilux ya mwaka 2008 au 2012 inayosemwa kuwa ilitunzwa na mzee mmoja wa Osaka yamkini haikupata kuiona Osaka. Asili yake huwa ni Thailand, au Uingereza, au Afrika ya Kusini ambako huundwa Durban, au iliuzwa mpya hapa hapa na wakala. Pikapu za zamani zaidi ndizo zilizotoka Japani kwa wingi, na miongoni mwa sababu zilizozisukuma nje ni sheria za moshi: kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na majimbo matatu jirani yalizuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kipimo kipya kupita katika barabara zake, na magari ya kazi yenye uhai mwingi yakatafuta wanunuzi ng'ambo. Kila asili ina ugonjwa wake. Gari la Uingereza limepita katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike, na chesisi yake huliwa kutoka ndani. La Thailand yafaa litazamwe kama limewahi kuzama katika gharika, kwa kuchunguza matope makavu nyuma ya dashibodi, ndani ya taa, na katika reli za viti, mahali ambapo muoshaji hafiki. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe likiwa limezidi miaka minane, ilhali Tanzania huliachia liingie na kuliongezea ushuru. Ndiyo maana 3L nzuri katika soko la Kenya ni ile iliyozeekea humo humo, na mwenye kuitafuta hana budi kuitafuta kwa wenyewe, shambani na misheni, kuliko kuingoja bandarini.

Kuna chanzo kingine ambacho nakipenda na kukiogopa kwa pamoja, nacho ni minada ya magari ya serikali na ya miradi. Magari hayo hununuliwa yakiwa mapya kwa wakala, huwa na daftari la matengenezo, na mengine huuzwa kwa sababu mradi umekwisha, wala injini haijaisha. Lakini mengine yamekaa uani miaka miwili juani, matairi yamepasuka, dizeli imeota ukungu katika tangi, na nozeli zake au kompyuta yake imekwisha kuhamishiwa gari jingine. Katika mnada aghalabu hapana ruhusa ya kuliendesha. Kwa hiyo asiyekwenda na fundi siku ya ukaguzi, akaingia kupandisha bei kwa mori wa ushindani, anafanya kamari na akiba ya watoto wake.

Natija ya haya yote hupatikana siku ya kulitazama gari lenyewe, na siku hiyo ina adabu zake. Mshitiri afike alfajiri au asubuhi mapema, bila ya kumpa muuzaji nafasi ya kuliwasha kabla. Na jambo la kwanza aweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, limewashwa ili kuficha uzito wa kuwaka likiwa baridi, na yafaa kurudi siku nyingine. Ikiwa baridi, afungue kifuniko cha rejeta. Maji yenye rangi ya dawa ya kupoozea ni dalili ya mtunzaji. Maji matupu yenye kutu, ambayo ndiyo desturi mbaya ya pwani yetu na bara pia, ni dalili kwamba njia za maji ndani ya hedi zimeanza kuzibwa. Na utando wa oili juu ya maji ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Kisha achomoe kijiti cha oili. Oili nyeusi isimtishe, kwa kuwa oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya safari chache tu; kinachotisha ni weupe wa maziwa, maana maji yamekutana na oili mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni gasketi ya hedi au ufa katika hedi yenyewe.

Ndipo liwashwe. Taa ya hita plagi ikiisha kuzima, injini yenye afya hushika kwa mizunguko michache. Ikihangaika muda mrefu huku betri ni nzima, ama hita plagi zimekufa, jambo lililo jepesi, ama silinda zimepoteza nguvu ya kushindilia, jambo lililo zito. Moshi wa mwanzo una lugha ya kusomwa kwa makini. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ya Mbeya au Limuru, ukatoweka baada ya dakika moja, si kitu. Mweupe unaoendelea na kunuka dizeli mbichi hutoa habari ya nozeli au ya silinda dhaifu, na mweupe wenye mvuke unaoambatana na kupungua kwa maji ni wa hedi. Wa bluu ni oili inayoungua, ikipita katika ringi, katika mihuri ya vali au katika taboo. Mweusi unaotoka gari linapolemewa mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au pampu iliyofunguliwa na fundi ili itoe mafuta kupita kiasi, nayo ni hila ya kulipa gari nguvu za kuuzia: kwa kitambo hupanda mlima kwa ushujaa, na joto la ziada huzila pistoni zake.

Injini ikiwa inaunguruma, kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe. Pumzi nyepesi ni ya kawaida katika dizeli iliyotembea. Lakini ikipumua kwa nguvu, ikarusha matone ya oili na kukisukuma kifuniko kilichowekwa juu yake, ringi zimechoka na ovahoo haiko mbali. Mwenye fedha nyingi hatarini asitosheke na pumzi. Amwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji, kazi ya saa moja au mbili. Katika jamaa ya 2L na 3L kipimo cha injini nzima ni kadiri ya kilo 30 kwa sentimita ya mraba, na iliyoshuka chini ya 20 imekwisha. Fauka ya hayo, silinda nne zenye 26 kila moja ni bora kuliko tatu zenye 30 na moja yenye 22, kwa kuwa kuchoka kwa pamoja ni umri, na kuchoka kwa mmoja ni jeraha.

Baada ya hapo gari liende njiani, na liende likiwa na mzigo. Muuzaji mwaminifu hatakataa mifuko michache ya mchanga mgongoni. Litafutiwe mlima, kama ule wa kutoka Mombasa kuelekea Mazeras, na mshitiri, au fundi wake, asiondoe jicho katika mshale wa joto: ukipanda na kukaa juu, hapo ndipo hedi nyingi hufia. Wakirudi, injini izimwe, waisubiri robo saa, kisha iwashwe tena ikiwa ya moto. Pampu ya zamani iliyochoka ndani huwaka upesi ikiwa baridi na kukataa ikiwa na joto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya katika nafasi zilizolika. Na jaribio hili, ambalo halina gharama yoyote, limewaokoa watu na ununuzi wa pampu nzima.

Chesisi nayo nataka itazamwe kwa muda mrefu kuliko injini, ijapokuwa desturi ya watu ni kinyume. Injini hubadilishwa, chesisi iliyovunjika ndiyo mwisho wa gari, na ndiyo huua watu. Mtu alale chini, akiwa na tochi na nyundo ndogo, aanzie mbele na kwenda nyuma, akigonga: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti ya bubu. Atazame hasa mahali springi za nyuma zinaposhikwa, na pale nyuma ya kebini ambapo uzito wa mzigo hukutana na uzito wa mbele, kwa maana hapo ndipo nyufa huanzia na ndipo mafundi wa kulehemu huweka viraka wakavipaka rangi nyeusi. Pikapu iliyobeba samaki iogopwe kuliko zote, kwani maji ya chumvi yamekuwa yakidondoka juu ya chesisi mwaka baada ya mwaka. Na majani ya springi yahesabiwe: yaliyoongezwa juu ya yale ya kiwanda yanashuhudia kwamba gari la tani moja lilikuwa likibeba mbili, na mzigo huo ulishuka vilevile katika difu, klachi, giaboksi na beringi za magurudumu. Vyombo hivyo fundi yeyote mzuri atavipima kwa kusikiliza, na fo-wili ijaribiwe kwenye changarawe, wala si juu ya lami.

Kuhusu kilomita nitasema kidogo. Kurudisha hesabu nyuma ni kazi nyepesi, na kioo cha kisasa chenye tarakimu za umeme hakikuiondoa hila hiyo. Mshitiri atazame, badala yake, mpira wa pedeli ya klachi, usukani mahali pa mikono, ukingo wa kiti upande wa mlango, na vichwa vya bolti za injini: gari lidaiwalo kuwa na kilomita 80,000 ambalo pedeli yake imebaki chuma kitupu limekwenda mbali kuliko linavyosema. Alama nzito za spana juu ya bolti za hedi zinasema kwamba hedi imefunguliwa. Kufunguliwa si aibu. Aibu ni kuficha, na mwenye kusema kwa hiari yake, nilifungua mwaka fulani, fundi fulani aliifanya, risiti ni hii, amenipa sababu ya kuyaamini na maneno yake mengine.

Hati zifuate baada ya chuma, ila zisipuuzwe. Nambari iliyogongwa katika chesisi, ambayo kwa Hilux huwa upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, isomwe kwa macho na kulinganishwa tarakimu kwa tarakimu na ile ya kadi. Iliyosuguliwa au kulehemewa pembeni yake iwe mwisho wa mazungumzo. Tanzania umiliki uhakikishwe TRA, na Kenya katika mfumo wa NTSA, ili ijulikane kama benki ina haki juu ya gari. Na mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mwanasheria na mashahidi wa pande zote mbili, likitajwa ndani yake jina la aliye katika kadi, na si la ndugu yake anayeliuza kwa niaba.

Ikiisha kukubaliwa bei, nasihi ya mwisho ni juu ya fedha iliyobaki, na lazima ibaki. Mshitiri asilitie gari kazini siku ile ile. Alipeleke kwanza likabadilishwe oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, machujio yote ya oili, hewa na dizeli; tangi lishushwe lioshwe, nozeli zipimwe, maji ya rejeta yamwagwe na kutiwa dawa. Na ikiwa injini ni ya mkanda, kama zilivyo 3L, 5L, 1HZ, 2KD na 1KD, mkanda wa taimingi ubadilishwe pamoja na beringi zake hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya, kwa kuwa kiwango cha Toyota kwa nyingi miongoni mwao ni kilomita 100,000, na hapana awezaye kuzihesabu kilomita hizo kwa kuutazama mpira. Siku ufungwapo mkanda huo, tarehe na kilomita ziandikwe kwa rangi isiyofutika juu ya kifuniko chake, ili fundi atakayekuja kukifungua kesho, akiwa Songea au Voi, asilazimike kukisia.